Gitaa la Pili

Mjomba wangu aliuza gitaa lake mwaka wa 2016 ili mimi niingie chuo kikuu. Mwaka wa 2018 nikaacha chuo. Katikati ya hayo mawili kuna mambo ambayo familia yetu haijamaliza kuyazungumza, na kila Krismasi tukikutana kwa susu lazima mtu mmoja ayaguse kidogo, halafu mwingine aitishe chai.

Halikuwa gitaa la kutisha. Lilikuwa la umeme, jekundu lililofifia hadi likawa rangi ya matofali, shingo yake imeshikiliwa na skrubu ambazo si zake. Alilinunua kwa pesa za kazi ya mkonge kule Kibwezi, akalipigia kwenye bendi moja ndogo ambayo ameniomba nisiitaje jina, kwa sababu baadhi ya wenzake bado wako hai na bado hawajaelewana kuhusu pesa za 1983. Nitarudi kwa hizo pesa.

Kwanza niseme kazi yake ilikuwa ipi, maana hata mimi sikuielewa hadi nikiwa mtu mzima. Mjomba alipiga gitaa la pili.

Ukiwa ndani ya matatu na dereva aweke benga ya Ukambani ya zamani, kitu cha kwanza kukufikia ni besi na ile ngoma ya mguu. Halafu unasikia solo, gitaa linaloongoza, ambalo hata mtoto anaweza kuliimba kwa mdomo. Lakini kuna lingine. Halikwaruzi nyuzi zote kwa pamoja kama la kwaya. Limebanwa huko juu ya shingo, karibu na tumbo la gitaa, linarudia nota chache upesi upesi, linapenya katikati ya maneno ya mwimbaji kama mtoto anayepita katikati ya watu siku ya soko. Ukilizima, wimbo unabaki na mashimo. Likiwepo, hulisikii. Mjomba anasema kazi ya gitaa la pili ni kama chumvi kwenye muthokoi, hakuna mtu amewahi kusifu chumvi.

Kwa hiyo wale tunaowajua kwa majina ni viongozi. Na kiongozi ambaye kila mtu wa rika la mjomba anamtaja kabla hujamaliza swali ni Kakai Kilonzo.

Kakai alizaliwa 1954 na akafariki 1987. Piga hesabu. Alikuwa na miaka 33 hivi, umri ambao leo wasee wengi ninaowajua bado wanakaa nyumba ya chumba kimoja wakingoja maisha yaanze. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 bendi yake ilikuwa moja ya tatu zilizotawala muziki wa Wakamba. Nyingine ilikuwa Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, ambayo ngoma yake ya mguu ilikuwa inagonga kifua, haicheki na mtu. Na kulikuwa na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki pamoja na Kalambya Sisters, wale akina dada wenye sauti nyembamba kama za paka mdogo, ambao wimbo wao "Katelina" ulivuka hadi Ulaya. Katelina mwenyewe ni msichana anayependa pombe na anayepata mimba kila mwaka bila kukosa, kwa hiyo unaweza kuwaza wazee wa kanisa walivyoupokea. Kama kawaida ya bendi za Kenya, watu wakagawanyika: Joseph Mutaiti wa upande wa Kalambya akaenda na Super Kaiti yake. Susu aliukataza "Katelina" nyumbani. Mama yangu bado anaujua wote.

Bendi ya Kakai iliitwa Les Kilimambogo Brothers. Hilo jina ni historia nzima. Kilimambogo hauko Kitui wala Makueni, ni ule mlima ulio peke yake upande wa Machakos kuelekea Thika, wenye mita 2,145, ambao Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk na Wakamba huuita Kyanzavi. Huko juu amezikwa William Northrup McMillan, bwana mkubwa aliyezaliwa Marekani, aliyefariki 1925. "Brothers" ni ya Kiingereza. Na "Les"? Hiyo ni ya Kifaransa, lugha ambayo hakuna mtu Ukambani aliizungumza. Ilikuja na Wakongo. Nairobi ya miaka ya 1970 ilijaa wanamuziki kutoka Zaire, na kina Les Mangelepa, waliojitoa kwa Baba Gaston mwaka wa 1976, walifanya hako kaneno kawe kama suti. Ukikavaa, unaonekana umetoka mbali. Hata wana wa Tanga waliotoka Simba Wanyika mwaka wa 1978 walijiita Les Wanyika.

Kabla ya "Les" suti ilikuwa "Jazz". Hapa ndipo nilipoanzia, kusema kweli. Mwaka mmoja baada ya kuacha chuo nilikuwa naandika vijimakala vya burudani kwa malipo ya kuaibisha, na nikaagizwa niandike kuhusu jazz ya Kenya. Nikaenda kwenye tamasha kubwa Nairobi, lile la Safaricom lililoanza 2014. Nikasikia vijana wanaopiga gitaa kwa ustadi wa kukufanya uangalie mikono yako mwenyewe kwa huruma. Kenya ina wapigaji gitaa wa jazz, usidanganywe. Sikiliza Eddie Grey, sikiliza Kato Change. Lakini nilipompigia mjomba simu kumwambia nimetoka kwa jazz, akaniuliza, "Jazz gani? Shirati?"

Hakuwa anatania. Kwake jazz ni bendi yenye magitaa. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, na tangu hapo pwani na bara wakalichukua neno wakaliweka watakapo: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Victoria Jazz, Shirati Jazz ya D.O. Misiani. Mwamerika akisikia Shirati Jazz anangoja saksafoni, inakuja benga. Neno lilifika bila muziki wake, likapewa muziki uliokuwepo. Baadaye nilimwekea mjomba rekodi ya Wes Montgomery, yule bingwa wa Indianapolis aliyepiga kwa kidole gumba bila kibao. Alisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni. "Anajua," akasema. "Lakini anachelewa kufika."

Sasa gitaa lenyewe lilifikaje Ukambani? Ukiangalia ramani, Makueni iko kando ya reli na Kitui haiko. Reli ilitoka Mombasa ikafika Nairobi 1899, ikipitia Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud na kwingineko. Stesheni ni mahali ambapo vitu vinashukia: barua, askari, santuri. Kitui, ng'ambo ya mto Athi, ilibaki kuwa safari. Athi ndiyo mpaka kati ya kaunti hizi mbili, na kwetu sisi ndiyo mpaka wa familia pia, kwa sababu mama aliolewa Makueni akitoka upande wa Kitui. Mjomba anasema kiangazi bendi yao ilivuka Athi kwa miguu, magitaa kichwani, besi na amplifaya zikibebwa na punda, kwenda kupiga Kibwezi na Makindu. Mvua ikinyesha hawaendi. Lami ya Kibwezi hadi Kitui imekuja juzi tu. Ukipita leo kwa gari hata hushtuki kwamba umevuka.

Njia nyingine ilikuwa jeshi. Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, na Vita vya Pili viliwafikisha hadi Burma. Jeshi lilikuwa na kikosi cha burudani, na mle ndimo alimopita Fundi Konde wa pwani, mmoja wa watu wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme nchini. Wanajeshi walirudi na masikio mapya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaja Mwenda Jean Bosco kutoka Katanga, akipiga kwa kidole gumba na cha shahada na kuimba Kiswahili chake cha Kongo, na kila kijana aliyekuwa na bati la mafuta na waya wa breki akajitengenezea lake. Mjomba alianza hivyohivyo, na mkebe wa Kimbo. Anasema nyuzi za breki zinakata vidole lakini hazikatiki.

Na benga je? Hiyo ilitoka Nyanza, tusibishane. Vidole vya nyatiti vilihamia kwenye gitaa, kisha muziki ukasafiri. Lakini Wakamba hawakuikopa wakaiacha ilivyo. Walikuwa na ngoma za kilumi, zile zinazopigwa hadi mtu apandwe, na nadhani ndizo zilizofanya benga yetu ikimbie hivyo na isipumzike. Hilo ni wazo langu. Mjomba hakubaliani nalo, kilumi kwake ni mambo ya mapepo na yeye ni mtu wa kanisa siku hizi.

Sahani za wakati huo zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na kizazi chetu hakijui zilivyoathiri utunzi. Upande mmoja haubebi zaidi ya dakika nne hivi, tano ukibana. Kwa hiyo wimbo ulikatwa mara mbili. Upande wa kwanza ni hadithi: fulani kaniacha, fulani kala pesa zangu, fulani mchawi. Kisha unapotea taratibu. Unainuka, unageuza sahani, na upande wa pili hadithi imekwisha, ni magitaa tu yanayoitana. Pale ndipo watu walipovua makoti. Na pale ndipo gitaa la pili linapofanya kazi ya punda, kwa sababu solo inaweza kupanda na kushuka itakavyo, lakini mtu lazima abaki pale pale akishikilia, nota zile zile, dakika nne bila kukosea, kwenye studio ambayo ukikosea mnaanza upya na saa inalipiwa.

Kakai aliimba Kikamba, lakini kilichomtoa kwa wenzake ni Kiswahili. "Mama Sofi" na "Fitina za Dunia" zilimfikisha kwa watu ambao hawangeweza kuonyesha Ukambani kwenye ramani. Wengine wanaona alitaka pesa tu. Mimi naona alielewa redio. Sauti ya Kenya ilikuwa na matangazo ya lugha za nyumbani kwa saa chache, lakini idhaa ya taifa ilikuwa ya Kiswahili, na ilisikika kutoka Lamu hadi Lodwar. Ukiimba Kikamba unapigwa kwa saa za Wakamba. Ukiimba Kiswahili unapigwa wakati wowote mtangazaji ana dakika nne za kujaza. Na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa stendi, wala hakukiigiza Kimvita. Ni kile ninachokitumia hapa, mama akinisahihisha.

Baina ya Nairobi na kijijini kulikuwa na River Road. Maprodyusa walikuwa pale na mitaa ya karibu. Kwenye Tom Mboya Street, Melodica ya familia ya Daudia iko tangu 1971, na ukitaka kuona sahani za 45 zilivyofanana nenda pale uombe kwa adabu. Bendi ya kijijini ilishuka kwenye stendi ya Machakos, ile waliyoiita Machakos Airport, ikabeba magitaa ikapanda kwa miguu.

Bendi ya mjomba ilishuka hivyo mwaka wa 1983. Walirekodi nyimbo mbili kwa siku moja. Prodyusa, ambaye naye simtaji, akawapa shilingi mia nane kwa watu watano pamoja na chakula cha mchana. Kiongozi akatia saini karatasi ambayo hakupewa nakala. Kwenye sahani pakaandikwa jina la bendi na jina la kiongozi. Mgawanyo wa zile mia nane ndio ugomvi ambao haujaisha. Mjomba alipata mia moja na soda.

Kakai alipofariki 1987 mambo yalikuwa yanabadilika tayari. Kaseti zilikuwa kila mahali, na kaseti haihitaji kiwanda. Ukiwa na mashine mbili na waya, wewe ni prodyusa. Jioni moja kibanda kimoja cha sokoni kiliweza kutoa nakala za albamu nzima bila mwanamuziki kujua. Chama cha kukusanya mirabaha kilikuwepo tangu 1983, lakini kibanda hakijui chama. Sahani zikafa. Bendi za watu saba zikawa za watu wanne, kisha kinanda kikaja kikala besi, ngoma na mara nyingi gitaa la pili. Leo Musyi FM inapiga Kikamba kutwa nzima, kitu ambacho Kakai hangekiamini, na vijana wanajaza viwanja vya kamandiko hadi alfajiri. Sisemi muziki umekufa, haujafa hata kidogo. Lakini sikiliza vizuri: pale katikati, palipokuwa pa mjomba, pana kinanda.

Mwaka wa 2021 nilimpata YouTube. Mkusanyaji mmoja wa ng'ambo alikuwa ameiweka ile sahani ya 1983, pande zote mbili, picha ya karatasi ya katikati ikizunguka. Sijui nilipiga yowe gani, lakini mwenye nyumba alibisha mlango. Nilimpelekea mjomba simu hadi Kitui. Nilimwekea upande wa pili. Alisikiliza sekunde chache akafunga macho, na mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala gotini, ukaanza kutembea wenyewe. Kila mara gitaa la pili lilipobadilika, vidole vilikuwa vimeshatangulia.

Huo ndio ushahidi wote nilio nao. Jina lake haliko kwenye sahani, picha hakuna, studio haipo. Nimesoma sheria ya hakimiliki ya 2001 kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote chuoni. Mtunzi analindwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo kilicho cha Kakai ni cha warithi wake hadi mwisho wa 2037. Aliyepiga ala ana haki pia, miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliorekodiwa. Kwa mjomba hiyo ni hadi mwisho wa 2033. Lakini haki ya aliyepiga inahitaji kwanza ajulikane kwamba alipiga, na mbele yake imesimama ile karatasi ambayo hakuna mtu ana nakala yake. Wawili kati ya wale watano wamefariki. Kiongozi yuko Emali, ana duka la vifaa vya kilimo. Nimemtembelea mara mbili. Mara ya kwanza alisema hamkumbuki mjomba. Mara ya pili alinipa soda, akakaa kimya kidogo, akasema, "Yule wa gitaa jekundu? Alikuwa mzuri. Lakini alikuwa na mdomo."

Nimemwandikia yule mkusanyaji nikimwomba aongeze majina matano chini ya video. Sikuomba pesa, pesa zitafuata au hazitafuata. Aliongeza manne. La mjomba, akasema, linahitaji uthibitisho, kwa kuwa mtu mwingine kutoka Kitui tayari alishamwandikia kudai ndiye aliyepiga lile gitaa.

Nilimpigia mjomba nikamweleza. Nilitegemea akasirike. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniuliza, "Mwiwa, huko Luthuli Avenue gitaa la umeme ni pesa ngapi siku hizi? La kawaida tu. Lisiwe jipya."

Nikamwambia nitauliza. Hiyo ilikuwa wiki jana. La bei ya chini nililoliona ni elfu kumi na mbili, jeusi, nyuzi mbili hazipo, na muuzaji anasema kwa elfu kumi na moja ataongeza waya.

"Mwambie elfu kumi," mjomba akasema. "Halafu mje naye Kitui nimwonyeshe yule mwongo mwingine linavyopigwa."